Kipenga na Maandamano ya Mtu Mmoja

Picha ya harusi yangu imetundikwa sebuleni, na kila mgeni anayeingia huuliza swali lilelile: bwana harusi yuko wapi? Namwonyesha. Niko mstari wa mbele kabisa, katikati ya watoto waliobeba maua, nimevaa suti na uso wa mtu aliyeonewa. Bibi harusi yuko mstari wa nyuma. Aliyetupanga ni dada yake, ambaye kwa imani yake watu hupangwa kwa urefu, wafupi mbele na warefu nyuma, na harusi si sababu ya kuvunja utaratibu. Mpiga picha alijaribu kubisha. Akapuliziwa kipenga.

Huyo ndiye shemeji yangu, na mji mzima unamwita Kipenga. Alifundisha michezo katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko tangu usichana wake mpaka alipostaafu, kwa hiyo ni vigumu kumpata mtu mzima mjini hapa ambaye hajawahi kusimama juani, mikono ubavuni, akisubiri ruhusa yake ya kupumua. Meneja wa benki alipita mikononi mwake. Mchimba makaburi naye alipita. Ualimu aliuacha, lakini wenyewe umekataa kumwacha. Akifika zahanati akakuta watu wamesongamana dirishani, haulizi mtu: wazee anawaweka mbele, wenye watoto wachanga anawapeleka kivulini, na anayejifanya ana haraka kuliko wenzake anajikuta mwisho wa foleni. Watu hulalamika sana, lakini hulalamika huku wakisogea.

Tunaishi naye nyumba moja, nyumba waliyoachiwa na baba yao, yeye na mke wangu. Mumewe alifariki mapema, watoto wake wako mbali. Yeye ana vyumba vya uani, sisi tuna vya mbele, na meza ya chakula ni ya wote. Wale wawili ni chanda na pete, mpaka wanapokosana. Wakikosana, hata vyungu vya jikoni vina la kusema kuliko mimi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kwa jinsi nilivyolima katika ndoa hii, ningekuwa na ghala.

Safari hii walikosana juu ya barabara ya soko.

Mke wangu ana duka la viatu pale, na mimi ni fundi saa, benchi langu liko pembeni ya duka, karibu na kioo, kwa hisani yake. Kwa miaka mingi wachuuzi wamekuwa wakitandaza bidhaa zao kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwanzo walikaa mbali kidogo. Kisha wakasogea. Kisha Mama Nyanya, ambaye ndiye jirani yetu wa karibu kabisa, akaweka meza yake mlangoni mwetu hasa, mpaka mteja anayetaka viatu sharti aruke kapu la vitunguu kwanza. Mke wangu akasema mara moja kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu akaenda na wenzake wenye maduka kulalamika halmashauri. Halmashauri nayo ikatoa amri: wachuuzi wote wahamie uwanja mpya nje ya mji, mahali ambapo hata mbwa hapiti bila sababu.

Wenye maduka wakapongezana. Wachuuzi wakasema wataandamana.

Mwenyekiti wao, kijana muuza mitumba mwenye maneno mengi, alikwenda kituo cha polisi kutoa taarifa. Mkuu wa kituo akamwambia sheria inawaruhusu kuandamana, yeye hana neno, lakini anataka kujua nani atakayehakikisha kwamba watu wanafika na kurudi bila kuvunja vitu vya wenyewe. Mwenyekiti akajitaja. Mkuu akamtazama tu. Akataja majina mengine mawili. Mkuu akazidi kumtazama. Mwishowe, kwa kukata tamaa, akasema, "Na Mwalimu Kipenga je?" Wanasema mkuu wa kituo alinyoosha mgongo palepale kitini.

Habari zilifika mezani kwetu kabla ya chakula.

"Dada, nasikia utawaongoza," mke wangu akasema huku akipakua.

"Siongozi mtu. Nasimamia mstari."

"Mstari wa watu waliokalia mlango wangu."

"Mlango wako unaniuma na mimi. Juzi nimeruka vile vitunguu kwa goti hili hili. Lakini wana jambo wanataka kusema, na anayepeleka neno kwa wakubwa hajamkosea mtu."

"Na wakisema kwa mawe?"

"Ndiyo maana nimekubali. Wakienda peke yao, watasema kwa mawe."

Mke wangu akaweka mwiko chini. "Basi nisikilize vizuri, dada. Kioo cha duka langu kikipata hata ufa, mimi na wewe hatukai tena nyumba moja. Nitatoka mimi au utatoka wewe. Baba atatusamehe huko aliko."

Mke wangu si mtu wa kutisha watu bure. Kabla hatujaoana aliapa hatakunywa soda tena kwa sababu muuzaji alimdharau, na hadi leo hajaonja. Nikamtazama Kipenga, nikitumaini atacheka. Hakucheka. Akasema, "Hakuna mkono utakaogusa duka lako. Nimekuahidi." Kisha akaomba mchuzi.

Mazoezi yalifanyika uwanja wa shule, jioni, baada ya watoto kuondoka. Nilikwenda kutazama, na kusema kweli nilikwenda ili nicheke. Wachuuzi wote wa mjini walikuwa wamepangwa wanne wanne, umbali wa mkono mmoja kati ya mtu na mtu. Upande wa kushoto wa barabara uachwe wazi, akawaambia, kwa gari la wagonjwa na kwa yeyote ambaye siku hiyo ana safari zake. Asiyeandamana naye ana miguu. Matusi hapana, hasa ya kutaja mama za watu. Ukiwa na hasira imba kwa nguvu, ukiwa na hasira zaidi panda sauti ya juu.

"Mwalimu," Mama Nyanya akalalamika, jasho likimtoka, "hivi sisi tunaandamana au tunakwenda kwenye paredi?"

"Wewe ulikuwa hivyohivyo darasa la tatu. Mguu sawa!"

Na Mama Nyanya, mwenye sauti inayoweza kusimamisha lori, akaweka mguu sawa. Siku ya mwisho ya mazoezi walikuwa wakigeuka kulia na kushoto kama kitu kimoja, na nikaona baadhi yao wameanza kupenda. Sikucheka sana kama nilivyopanga. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kioo chake kiko salama kuliko cha benki. Akaniambia nile nikalale.

Siku yenyewe wenye maduka wengi hawakufungua. Mke wangu alifungua. Akapanga viatu dirishani, akafuta kioo mara mbili, akaniagiza nikae kwenye benchi langu na nisijifanye shujaa, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Baada ya muda tukazisikia nyimbo, kisha tukawaona wakipandisha barabara ya soko kwenda halmashauri: wanne wanne, mabango juu, upande wa kushoto wazi kabisa. Askari na mkuu wao wa kituo walitembea pembeni na kazi hawakuwa nayo. Kipenga alikuwa akienda mbele na kurudi nyuma, kofia pana kichwani, akirekebisha huyu, akimvuta yule.

Sasa mimi nilikuwa nimeinama juu ya saa ya mtu, nikamsikia mke wangu akirarua boksi la viatu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshatoka nje. Alisimama mlangoni peke yake, mgongo kwa kioo, ameshika kwa mikono miwili kipande cha boksi alichokiandika kwa kalamu nene: MLANGO WANGU SI MEZA YA NYANYA.

Nyimbo zikaanza kufa kutoka mbele kwenda nyuma. Waliokuwa karibu wakageukia duka. Waliokuwa mbali wakasogea ili waone, na ile mistari iliyofanyiwa mazoezi jioni zote zile ikayeyuka mbele ya macho yangu. "Atoke hapo!" mmoja akapaza sauti. "Huyu ndiye aliyetuchongea!" mwingine akadakia. Watu wakazidi kubana, na nikakiona kioo, nikamwona mke wangu mbele yake. Niseme wazi, niliogopa. Nilijaribu kutoka, lakini mlango ulishazibwa na mgongo wake mwenyewe.

Mama Nyanya akachomoka. "Umeniandika mimi? Mimi?" Akalishika lile boksi, akalivuta, mke wangu naye akalivuta, na boksi likapasuka katikati. Mtu akainua mkono nyuma yao na sikuona umeshika nini.

Kipenga kikalia.

Nimekisikia mara nyingi maishani, lakini si kama siku ile. Baada yake ikaja sauti: "Mguuu, sawa!" Na barabara nzima ikasimama wima. Ule mkono ulioinuliwa ukashuka ubavuni. Mama Nyanya alikuwa wima, nusu ya boksi ikiwa imebanwa pajani. Askari walikuwa wima.

Kisha Kipenga akafanya kosa. Baadaye alituambia alikuwa anamsemesha Mama Nyanya na wale wa karibu tu, ili warudi nyuma hatua chache. Lakini alisema kama alivyozoea kusema, kwa sauti ya uwanja mzima: "Nyuma, geuka!"

Wote wakageuka. Waliokuwa mbele ya duka wakatugeuzia migongo, macho yao kwenye ukuta wa duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti akageuka, na kipaza sauti chake. Mkuu wa kituo akageuka. Wale wa mkiani kabisa, waliokuwa hawaoni kinachoendelea, waligeuka wakaanza kutembea, na nilisikia baadaye kwamba walikwenda mpaka karibu na shule huku wakiimba vizuri kabisa.

Kwa hiyo katikati ya barabara iliyojaa watu, wale ndugu wawili wakajikuta peke yao. Hakuna aliyekuwa akiwatazama ila mimi.

Mke wangu akamgeukia dada yake. "Uliniahidi," akasema.

"Nilikuahidi duka. Sikukuahidi wewe, maana sikujua utatoka. Nisamehe."

"Usiniambie niingie ndani."

"Nani amekuambia uingie?" Kipenga akaokota kile kipande cha boksi, akakitazama, akakitupa. "Hiki kimekufa. Lete kingine. Na ile kalamu."

Mkuu wa kituo akakohoa, bado akiutazama ukuta wa duka la dawa. "Mwalimu, huyu mama hakutoa taarifa ya maandamano. Nimwondoe?"

"Amesimama mlangoni kwake. Ukimwondoa yeye leo, kesho utanikuta mimi mlangoni kwangu uniondoe. Tulia hapohapo."

Akatulia hapohapo.

Mke wangu akaniita nimpe boksi na kalamu, nikampa boksi kubwa kuliko yote, la buti. Kipenga akaliweka juu ya goti lake, lile bovu, akafungua kalamu. "Haya, sema."

"Nini?"

"Maneno yako. Mkono wako unatetemeka, utaandika ovyo, watu hawatasoma. Sema niandike."

Mke wangu akamtazama dada yake. Kisha akatazama mgongo wa Mama Nyanya, ambao ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, mpana, umelowa jasho, na shingoni ile kamba ya kitambulisho cha uchuuzi ambayo haivui hata akilala, ndivyo anavyojisifu. "Andika: mlango wangu si meza."

"Ya nyanya?"

"Basi hapo. Mlango wangu si meza."

"Sijakuambia upunguze."

"Nimepunguza mwenyewe."

Akaandika. Mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama sawasawa, unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti, ambaye hakuweza kuvumilia zaidi, akaiba jicho juu ya bega. "Mwalimu! Unamwandikia adui?"

"Adui gani? Hivyo viatu vyako umenunua wapi?"

Mwenyekiti akatazama miguu yake. Akarudisha macho ukutani.

Kipenga akamkabidhi mke wangu boksi, akamsogeza kidogo ili kioo kiwe nyuma yake lakini asikiegemee, akarudi nyuma akaangalia kama linasomeka. Kisha akawageuza wote. Akawaambia kwa sauti ile ile kwamba hapa kuna maandamano mawili, moja kubwa na moja la mtu mmoja, na lililo dogo ndilo linalopewa nafasi, kama vile barabarani gari hupisha baiskeli. Mtapita. Mtasoma. Asiyependa alichosoma ataimba. Umbali ni mikono miwili, si mmoja. "Na hao wengine," akauliza akitazama barabara tupu kule chini, "wamekwenda wapi?" Hapo ndipo watu wakaanza kucheka, hata askari, na kicheko kikazunguka mpaka kikamfika mke wangu, ambaye aliuma midomo asicheke mbele ya wapinzani wake.

Mkia wa maandamano ulipoitwa ukarudi, wakapita. Nilizishikilia saa zangu zote mezani zisianguke kwa vishindo. Wengine walipofika mlangoni walisoma na kununa. Wengine waliimba mpaka mishipa ikawatoka. Mzee mmoja muuza ndizi alisoma polepole, akasema, "Kweli mlango si meza," akaendelea kuandamana. Mama Nyanya alipita bila kugeuza kichwa, kidevu juu, na alipofika mbele kidogo nikamsikia akimwuliza mwenzake mbona limeandikwa meza tu. Mke wangu hakuteremsha boksi lake hata kidogo. Wala mimi sitasema nani alikuwa na haki. Nina maoni yangu, na nayaweka mahali ninapoweka meno ya bandia aliyoyaacha marehemu mama mkwe, ndani ya droo.

Kipenga alikuja mwisho kabisa, akichunga nyuma. Na hapo ndipo sote wawili tulipoona jinsi anavyotembea. Kutwa nzima ya kwenda mbele na kurudi nyuma ilikuwa imemmaliza. Aliburuza mguu, na soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeachia mbele, inafunguka na kufunga kila akipiga hatua. Hakututazama. Alikuwa anapiga kelele kwamba safu ya pili imepinda.

"Shika," mke wangu akasema, akanisukumia boksi kifuani.

Akaingia dukani, akavuta rafu ya chini, ile ya viatu vya ngozi laini anavyowawekea wauguzi, wasimama kutwa. Hakuuliza saizi. Akatoka mbio, mwanamke wa umri wake, akaingia moja kwa moja katikati ya maandamano, kwa sababu dada yake alikuwa ameshaingia humo kunyoosha safu. Nikabaki mlangoni, nimeshika bango lisilo langu, nikijaribu kuonekana sina upande.

Nilimwona akipiga magoti barabarani. Watu wa safu za nyuma wakawapisha kushoto na kulia, bila kuamriwa. Alimshika Kipenga kifundo, akamvua kile kiatu kilichopasuka, kisha kingine, akamvalisha vile vipya na kuzifunga kamba, mafundo mawili mawili, kama anavyofungwa mtoto wa shule. Kipenga alikuwa ameweka mkono juu ya bega lake asianguke. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kipenga kilikuwa kinaning'inia tu na hakuna mtu aliyekuwa akipangwa.

Mke wangu akasimama, akapangusa magoti. Sauti yake ilinifikia pale mlangoni, ya ukali, ya kila siku.

"Jioni usichelewe. Chakula kikipoa mimi sipashi."

"Nitafika," Kipenga akasema.

Mke wangu akarudi na viatu vile vya zamani mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaviweka ndani, chini ya kaunta, akaja akanipokonya bango lake, akalinyanyua juu, na akasimama nalo mlangoni mpaka mwandamanaji wa mwisho alipopinda kona.